Ufunguo wa Pili wa Darwin Nessen

Verl Hadfield alikuwa mtu mgumu kumpenda, nami nilimpenda. Kwa miaka ishirini na miwili, kiwandani kwetu hapa kaskazini mwa Utah, Marekani, alibuni kitu kimoja tu: kopo la chuma lenye vidonge vya kemikali, linalojaza gesi mfuko wa usalama wa gari kabla uso wa dereva haujafika kwenye usukani. Vidonge vikiungua polepole, mfuko unachelewa. Vikiungua haraka mno, kopo lenyewe linapasuka, na vipande vya chuma vinamwingia yule yule uliyetaka kumwokoa.

Kulipua kopo kwenye banda la majaribio kulitaka funguo mbili, zizungushwe na watu wawili kwa wakati mmoja. Ule wa pili alikuwa nao Darwin Nessen, rafiki yake wa kanisani, ambaye Verl alimfundisha kazi tangu mwanzo. Mimi nilikuwa nashindilia vidonge chumba cha pili, nikiwasikia.

"Ndugu Darwin, umelala na huo ufunguo?"

"Zungusha, mzee, punguza mdomo!"

Mwezi wa Machi walilipua makopo yaliyokaa wiki sita kwenye joto na unyevu. Mawili yalipasuka. Meneja alichukua vipande, eti vikachunguzwe. Taarifa ilipotoka, majaribio arobaini na mawili yamekuwa arobaini, yote safi.

Kikaoni Verl alichachamaa. "Mawili yako wapi? Mimi sisaini uongo!"

Meneja akageuka kwa upole. "Ndugu Nessen, ulikuwepo. Kuna kopo lililopasuka?"

Darwin aliitazama meza. "Sikumbuki kitu kama hicho."

Wiki ile ile Verl aliondolewa. Darwin akapewa kiti chake, akasaini, na makopo yakaenda kufungwa kwenye magari. Kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa nikiusema msemo huo bila kujua unavyouma.

Jumamosi nilikuwa kwa Verl tukipaka rangi uzio. Darwin akaja na bakuli la viazi vya kuoka na jibini, vile tunavyopeleka kwenye nyumba yenye msiba.

"Verl, nielewe, kaka. Nina watoto sita."

Verl hakunyoosha mkono. "Na atakayepasukiwa na lile kopo, ana wangapi?"

Darwin aliliacha bakuli kizingitini, akaondoka.

"Nilimfundisha mwenyewe kuutambua mlio wa kopo linalopasuka," Verl aliniambia. "Ule wa kwanza, mwezi wa Machi, yeye ndiye aliyeusikia kabla yangu."