Kaburi Lililokaa Njiani

Mume wangu tulimzika pembeni kabisa mwa kiwanja chetu hapa Tunduma. Ardhi ya mjini inagombaniwa, na ndugu zake walisema kaburi likikaa mpakani hakuna atakayethubutu kuusogeza mpaka huo. Niliona wamesema sawa. Kila asubuhi nilifagia hadi ukingo wa saruji, nikamsalimu, nikaendelea na kazi zangu.

Mwaka jana mtaa wetu ulianza kupimwa. Tuliitwa kwenye mkutano, na afisa mipango miji akatandaza ramani juu ya meza.

"Zamani watu wa maji walichimba, wa barabara wakafukia, mvua ikabomoa vyote," alisema. "Safari hii barabara, mtaro na bomba vitapita pamoja."

Kwenye ramani, vilipita juu ya kaburi.

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, alikuwa amekuja kutoka Ihanda kwa ajili ya mkutano huo. Alisimama. "Kaburi halihamishwi. Barabara ikunje kona."

"Barabara tunaweza kuikunja, mzee. Lakini maji yanafuata mteremko."

Jirani yangu akadakia, "Shemeji, wewe unalala Ihanda, pakavu. Njoo ulale kwangu mwezi wa tatu, uamke unaelea na masufuria!" Watu wakacheka. Akanogewa. "Na ukiugua hapa tutakubeba kwa mkokoteni, na unene huo!"

Kicheko kikakatika. Yeye mwenyewe akajiziba mdomo kwa khanga. Wote walikumbuka kwamba mume wangu alibebwa kwa mkokoteni, kwa sababu gari halikuweza kuingia kwenye kichochoro chetu, na kwamba alikata roho kabla hatujafika lami. Kama gari lingeingia angepona? Daktari hakusema, nami sikuuliza.

Mwenyekiti wa mtaa akanigeukia. "Mama, tunakusikiliza wewe."

Sikutaka mume wangu aondoke. Pale nilikuwa namwona kila siku. Lakini nilimtazama binti wa jirani, mjamzito, amekaa kwenye tofali, miguu imemvimba.

"Mhamisheni," nikasema. "Apelekwe kwao Ihanda."

Shemeji alitoka bila kuniaga. Nilidhani nimempoteza na yeye.

Siku ya kufukua alikuja alfajiri. Mchungaji aliomba. Vijana walipovunja saruji na kukaribia chini, shemeji aliwaambia watoke, akavua viatu, akashuka mwenyewe. Alimkusanya kaka yake polepole, akamfunga kwa shuka jeupe nililonunua, akamlaza katika sanduku dogo.

"Nishike mkono, shemeji," akaniambia kutoka shimoni. Nikamshika.

Barabara ilikuwa bado haijachongwa. Gari lilitusubiri lami. Shemeji alikataa kusaidiwa. Alilikumbatia sanduku kifuani, akawa haoni chini. Kwa hiyo nilitangulia mbele yake kwenye kile kichochoro, nikimwambia pa kukanyaga.