Sufuria Nyepesi ya Safari ya Masoko

Naikumbuka siku moja, mwanangu, kila mvua inapoanza kunyesha asubuhi hapa Ibighi. Na kwa jinsi huku Tukuyu kunavyonyesha, basi naikumbuka karibu kila siku.

Nakuita mwanangu ingawa nina miaka kumi na saba na bado navaa sketi ya shule. Mtoto wa kaka yangu ni wangu, ndivyo ilivyo kwetu, hata kama mtu akiniita shangazi mbele za watu naangalia chini. Kusema mbele za watu siwezi. Ndiyo maana naandika. Ukijua kusoma utasoma.

Baba yako, Lusajo, alikuwa mtu wa kutembea. Shule zikifungwa tu, ananiambia nifungashe. Begi la mgongoni la mtumba, hema la mtumba, na njia. Tulishafika Ziwa Ngosi kwa miguu yetu wenyewe. Watu walitucheka barabarani: "Nyie, mmekosa nauli?" Naye anawajibu, "Nauli tunayo, miguu ndiyo inatuwasha!" Wanacheka zaidi, mimi nimejificha nyuma ya begi lake. Nikiwa nyuma ya Lusajo niliweza kufika popote.

Mwaka jana, wewe ukiwa bado tumboni mwa mama yako, akapata kazi ya ujenzi Dar es Salaam. Akasema kabla hajaondoka twende Masoko, tulale kando ya ziwa la huko, kesho yake turudi.

"Tuse, wewe utaleta sufuria. Nyepesi, umesikia? Ile ya mwaka juzi ilikuwa kama nimebeba jiwe la kusagia."

Nikaenda jikoni kwa bibi, mama yake baba yetu. Pale kulikuwa na sufuria mbili za kiasi chetu. Moja nene, ile ya mafundi wanaoyeyusha vyuma chakavu na kuvimimina. Nyingine nyembamba, ya kawaida, ina mkono wa waya. Nikachukua nene.

Ngoja nikueleze, usinione mjinga. Ndizi za nyama zinataka sufuria nene. Unazipanga, unazifunika kwa jani la mgomba, moto unakuwa mdogo, zinalainika taratibu bila kushika chini. Nilikuwa nimeshapanga yote kichwani. Nimpikie ndizi kama za bibi, ale akitazama ziwa, halafu aseme mwenyewe, "Hivi Dar nakwenda kufanya nini?" Maneno ya kumwambia asiondoke sikuwa nayo. Nilikuwa na sufuria.

Bibi alikuwa anamenya ndizi mlangoni.

"Hiyo unaipeleka wapi?"

"Masoko, bibi."

"Kuna harusi?"

Nikacheka kidogo. Nikamwambia nataka kumpikia kaka ndizi, vizuri, kama zake.

"Na nani ataibeba?"

"Kaka."

"Kwa hiyo mtu anaondoka, wewe unamwongezea mzigo mgongoni." Akaendelea kumenya, hata hakuniangalia. "Mama, unampikia au unamfunga kamba?"

Machozi yakanitoka pale pale. Bibi si mtu wa kubembeleza. Alifuta mikono yake kwenye khanga, akaninyang'anya ile nene, akashusha nyembamba.

"Hata mimi namtaka abaki. Babu yako nilimtaka abaki, baba yako nilimtaka abaki. Sasa? Beba hii. Mpikie kitu kinachoiva haraka, halafu mkae muda mrefu mkiongea."

"Bibi, mimi kuongea siwezi."

"Basi kaeni kimya. Lakini kaeni."

Akabonyeza kitako cha sufuria kwa kidole gumba, kwa nguvu. Hakikubonyea. Akasema ingebonyea angenikatalia na hiyo pia, kwa sababu bati la namna hiyo linaunguza wali kabla maji hayajakauka. Akapaka sabuni ya mche nje yote ili masizi yatoke kirahisi, tusije tukachafua begi. Mfuniko akaurudisha kabatini. "Masoko wamekosa migomba?" Ndani ya sufuria akapanga mchele wa Kyela kwenye mfuko, dagaa, vitunguu, chumvi na kiberiti. Begi lilipofungwa, Lusajo alilinyanyua kwa mkono mmoja.

"Tuse, umesahau sufuria!"

"Imo."

Akatembea njia nzima akipiga mluzi. Mimi nyuma yake, nikitazama visigino vyake, nikijaribu kuvikariri. Ni jambo la ajabu kukariri visigino vya mtu, najua.

Masoko tulimwomba jani mama mmoja aliyekuwa shambani kwake. Alitukatia kubwa, Lusajo akamwambia "ndaga", asante ya kwetu, kwa heshima zote. Nikalipitisha jani juu ya moto likalegea, nikafunika nalo wali. Kitako kilikuwa kipana, moto ukashika vizuri, na kabla sijajiandaa chakula kikawa kimeiva. Jua lilikuwa bado juu. Tukala kwenye sufuria hiyo hiyo, ziwa likiwa limetulia mbele yetu, bila kazi yoyote iliyobaki ya kujifichia.

"Hujasema kitu tangu asubuhi," akasema.

"Huwa sisemi."

"Leo umezidi."

Nikakwangua ukoko. Nikakwangua tena mahali ambapo hapakuwa na ukoko.

"Sitaki uende," nikasema.

Nilidhani atanitania, hakunitania. "Hata mimi sitaki, Tuse. Ila mtoto anakuja. Nikae hapa nimlishe mluzi?"

"Sasa mimi nani atanisemea kwa watu?"

"Utasema mwenyewe. Si umesema sasa hivi?"

Akaenda Dar. Wewe sasa unatambaa, na yeye anakuona kwenye simu ya mama yako tu, picha ikigandaganda. Ukimsikia unapiga kioo kwa kiganja. Mimi natoka nje nisionekane.

Kwa hiyo, mwanangu, siku utakapofungasha begi lako, chukua sufuria ambayo mgongo wako utaisahau. Isiwe bati la kubonyea, utakula vilivyoungua. Iwe na kitako kipana, iwe na mkono wa waya, na isiwe ya kukutosha wewe tu, kwa sababu mtu wa pili akiomba kuja utamwambia nini? Ndani yake usiache pakae hewa, jaza vitu vyako. Kitakachopatikana mbele usikitoe nyumbani. Na ukimtaka mtu abaki, mwambie kwa mdomo wako, hata kama sauti ni ndogo kama yangu. Akisema lazima aende, umsaidie kuvaa begi.

Mungu akukuze, mwanangu. Akupe miguu mizuri na mtu wa kutembea naye, na huyo mtu akienda mbali, Mungu amrudishe kwako akiwa mzima. Wangu mimi bado namngoja.