Sabufa Mahali pa Kitanda cha Mama

Mtaani wanamwita Prodyuza. Mimi ni dada yake, nimembeba mgongoni, na jina hilo halijawahi kunitoka mdomoni. Mchana anauza rangi za nyumba kwenye duka la watu; jioni anakaa sebuleni mbele ya spika mbili za studio na kukunja uso kama daktari. Mpaka leo amemaliza wimbo mmoja, na mwimbaji ni yeye mwenyewe.

Kilichomkwamisha, eti, ni besi. Spika zake hazishuki chini vya kutosha, kwa hiyo anahitaji sabufa. Muuzaji wa spika, mtu mwenye subira, alimuuliza chumba kina ukubwa gani, akamshauri achukue ndogo: chumba kidogo kikijazwa besi kubwa kinavuma tu, husikii tena unachorekodi. Mdogo wangu alimsikiliza mpaka mwisho, akachagua kubwa kuliko zote dukani. Debe tupu haliachi kuvuma, na sasa lilikuwa limepata mwenzake.

Ikabaki kuitafutia mahali. Alikuwa amejifunza kwenye simu kwamba unaiweka sabufa juu ya kiti chako, unapiga muziki, kisha unatambaa sakafuni ukitega sikio. Besi inaposikika vizuri zaidi, hapo ndipo pake. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, sikatai. Lakini mwanamume mwenye mvi kutambaa makalio juu, mama yake akimtazama kutoka kitandani, hiyo ni aibu.

Mama alikuwa akilala hapo sebuleni kwa sababu ya magoti yake. Choo kilikuwa karibu, na dirishani alisalimiana na wapita njia kutwa nzima. Mdogo wangu alitambaa mpaka kwenye kitanda cha Mama, akasimama, akajipangusa vumbi.

"Mama, ni hapa hapa."

"Hapa wapi, baba?"

"Hapo ulipolala."

Nilipokwenda kumchukua Mama na kitanda chake nilimwambia mdogo wangu kwamba hana haya wala akili. Akanijibu kuwa sielewi mambo ya sauti. Mama ndiye aliyemtetea. "Mwache," alisema. "Ni kazi yake."

Kwangu Mama analala chumba kimoja na binti zangu, na dirisha linatazama ukuta wa jirani. Hakulalamika. Ila kila jioni aliniuliza kama mwanawe amepiga simu, na kila jioni nilimdanganya kwamba mtandao unasumbua. Kwa uongo huo pia namdai yule bwana.

Jumamosi moja tukasikia sauti yake mlangoni. Kabla hajaketi, Mama alikuwa ameshajifunga mtandio na kuanza kutia nguo kwenye mfuko.

"Nilijua atanifuata," aliniambia, na uso wake ulikuwa umenawiri.

Mdogo wangu alisimama mlangoni mwa chumba, akamwamkia, akanigeukia mimi.

"Dada, tangu kitanda kitoke, sebule inavuma kupita kiasi. Nimeuliza, wakaniambia godoro nene linanyonya besi." Akakohoa. "Nimefuata godoro."

Mama aliweka mfuko chini, akashika ukingo wa kitanda, akaanza kutandua shuka.

"Shika upande ule, mwanangu," aliniambia. "Asije akachelewa."