Nepi Isiyotajwa Jina

Mwongeli Nyamai alikuwa mbunifu wa nepi, na katika ukoo wake mzima hakuna aliyependa kulisema jambo hilo kwa sauti. Mumewe Luseno, karani wa mahakama pale Makadara, aliwaambia watu kwamba mkewe ni mhandisi wa vitambaa. Mama yake kule Machakos alisema tu kwamba binti yake yuko kampuni. Ni majirani zao wa mtaa wa Komarock, Nairobi, waliojua ukweli, maana kila mwanamke aliyejifungua karibu nao alifika mlangoni kuuliza kama kiwandani kuna nepi zenye kasoro ambazo haziwezi kupelekwa dukani. Hao walimwita Mama Nepi, ila si mbele yake.

Yeye mwenyewe hakuona haya. Kazi ilikuwa ngumu na aliipenda. Alijua kitambaa kisichofumwa wala kushonwa, kile cha nyuzi za plastiki zinazoyeyushwa, zikapulizwa na kugandamizwa kwa joto, na aliweza kukushika mkono wa blauzi akakuelezea habari zake mpaka chai ikapoa. Alijua zile punje nyeupe kama sukari zinazofichwa katikati ya nepi, ambazo zikinywa maji hugeuka kuwa rojo. Karamu yoyote aliyoalikwa, mtu akimwuliza anafanya nini, aliyeuliza alijuta.

Mambo yalianza siku mwenye kiwanda, Bwana Magan, aliporudi kutoka mkutano wa ng'ambo na habari kwamba wazee wanaongezeka duniani. Alitaka nepi ya watu wazima. Akawaita ofisini Mwongeli na mkuu wa masoko, Mourine, msichana nadhifu aliyesomea kuuza vitu.

"Kitu cha kwanza," Mourine akasema, "ni kuondoa neno nepi."

"Tuiite nini?" Mwongeli akauliza.

"Suluhisho."

"La nini?"

"La unyevu."

"Unyevu ni wa ukutani. Huu ni mkojo."

Mourine alifumba macho kama mtu aliyerushiwa mchanga. Kisha akaandika ubaoni maneno yote ambayo hayangetumika kamwe katika matangazo: nepi, mkojo, kuvuja, uzee, choo. Mwongeli aliusoma ubao ule akaona kwamba kilichobaki ni kusema habari za asubuhi. Bwana Magan alifurahi sana. Bidhaa ikapewa jina la Tulia, na Mwongeli akaambiwa aende akaitengeneze.

Akaitengeneza. Pale maabara palikuwa na kiuno cha plastiki chenye mapaja mafupi, bila kichwa, cha kujaribia nepi. Mafundi walikiita Mheshimiwa, kwa kuwa kilikaa kwenye kiti kutwa nzima na hakijawahi kutoa hoja. Walikivisha Tulia, wakakimiminia maji ya chumvi yenye rangi ya buluu, wakakipima. Mheshimiwa alibaki mkavu. Wakamlaza ubavu, akabaki mkavu. Mourine alimpiga picha akaituma kwa Bwana Magan, na wote wakakubaliana kwamba kazi imekwisha.

Mwongeli hakuridhika. Mheshimiwa hakohoi, hacheki, hapandi ngazi wala haketi kwenye benchi la mbao. Alitaka watu. Akaandika katika kundi la WhatsApp la kiwandani kwamba anatafuta wanaume na wanawake wa kujitolea. Kabla ya saa ya chakula baadhi walikuwa wamejitoa kwenye kundi. Waliobaki walimjia mmoja mmoja kumhakikishia kwamba wao ni wazima kabisa, asante, ingawa wana mjomba.

Basi akaamua kuivaa mwenyewe, na akachagua Jumapili, kwa sababu hakujua mahali pengine ambapo mtu huketi, husimama, hupiga magoti na kuimba kwa muda mrefu namna ile bila ruhusa ya kutoka.

Kanisa lao lilikuwa Buruburu, chini ya Pasta Muasya, mzee mnene mwenye sauti nzito aliyependa mahubiri marefu. Wakati wa kuimba, Mwongeli alikuwa sawa. Alijisikia hata fahari kidogo. Lakini pasta akasema, "Sasa tunyamaze mbele za Bwana," na kanisa zima likanyamaza. Mwongeli akajisogeza kidogo kwenye benchi.

Krachakracha.

Watu wa mbele wakageuka. Akakaa tuli mpaka mguu ukafa ganzi, kisha akausogeza, na ile karatasi nyembamba ya plastiki iliyo nje ya nepi ikalia tena, krachakracha, sawasawa na mtu anayetafuta kipande cha mwisho kwenye pakiti ya krispi. Mama mmoja mhudumu, Koki, mwenye mshipi wa buluu begani, akaja akikanyaga polepole na kumwinamia sikioni.

"Mwongeli, toa hiyo kitu unakula."

"Sili kitu, Mama."

"Tunasikia wote. Hata pasta amefungua jicho. Leta hapa."

Koki alikuwa ameshanyoosha kiganja. Mwongeli alikitazama kile kiganja, akawatazama watoto wa Sunday school waliokuwa wakisubiri kuona ni krispi za aina gani, akashindwa kupata uongo wa kutosha.

"Ni nepi," akasema. "Nimevaa nepi. Ni ya kazi."

Alidhani amenong'ona. Kumbe kanisa lililonyamaza halina mnong'ono. Lile la kuwa ni ya kazi ndilo lililoharibu zaidi, kwa sababu kila mtu alianza kuwaza ni kazi gani hiyo.

Ibada ilipokwisha, watu walikuwa wameafikiana kwamba ni figo. Jioni ile kwaya ilimwombea. Kesho yake akina mama walifika Komarock na ndizi, uji na maziwa, wakaketi sebuleni wakizungumza kwa sauti za hospitalini. Mwongeli aliwaeleza kila kitu: kiwanda, Mheshimiwa, maji ya buluu. Waliitikia kwa upole jinsi mtu anavyomwitikia mgonjwa mwenye homa, na mmoja akamgusa paji la uso.

Luseno hakula ndizi hata moja.

"Ungesema ni krispi," akamwambia walipobaki wawili.

"Niseme uongo kanisani?"

"Watu husema, Mwongeli. Wengine husemea pale madhabahuni." Akavuta pumzi. "Mimi Jumapili nitakaa wapi?"

Lakini kabla ya Jumapili, Pasta Muasya mwenyewe alibisha hodi. Alisema amekuja kumwombea dada mgonjwa. Akaomba maombi mafupi sana, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, kisha akangoja Luseno aende jikoni.

"Hiyo kitu uliyovaa," akaanza, akilitazama zulia. "Kuna mzee mmoja ninayemfahamu. Anasumbuka."

"Pole zake, Pasta. Kiuno chake ni cha kadiri gani?"

Pasta akautazama mshipi wake. "Tuseme kama mimi hivi."

"Anakaa sana au anasimama?"

"Anasimama. Huwa anahubiri... anahudumu. Anahudumu akiwa amesimama."

Mwongeli hakucheka. Alimfungia Tulia kadhaa kwenye bahasha kubwa ya khaki, na pasta akaondoka ameikumbatia kifuani kama Biblia. Baada yake alikuja Kilonzo, mwenyekiti wa chama cha wenye nyumba, anayeongoza mikutano ya kujadili maji bila kuinuka kitini. Naye alikuwa na shemeji. Akaja fundi cherehani wa upande wa pili wa barabara, ambaye alikuwa na mteja. Wa mwisho alikuwa Koki. Alikaa muda mrefu akiuzungusha mkoba magotini.

"Ni ya dada yangu," akasema. Akaufungua mkoba, akaufunga. Kisha akasema, "Mimi sina dada. Tangu nizae mtoto wa tano, nikikohoa tu."

Mwongeli alimshika mkono. Aliona aibu kwamba amekuwa akitengeneza vitu hivi miaka yote hii, na hakuwahi kujua kwamba yule mama anayewanyamazisha watu kanisani husimama karibu na mlango kwa sababu hiyo.

Hivyo akawapata watu wake wa majaribio, ingawa hakuna aliyekiri kuwa ndiye. Ripoti zilikuja kwa simu. Mzee anasema mbele inatosha ila nyuma inapanda. Shemeji anasema akivaa suruali ya kijivu inaonekana mstari. Mteja anauliza kama inaweza kutengenezwa bila harufu ya maua, kwa sababu mke wake ameanza kumshuku. Na wote, bila kuambiana, walilalamikia kelele. Mwongeli aliiondoa ile plastiki ya nje, akaifunika kwa kitambaa laini kisichofumwa, chepesi kama utando, akaitembeza Tulia mpya kwenye korido za kiwanda akiwa ameivaa chini ya sketi. Mafundi walinyamaza kusikiliza. Hawakusikia kitu.

Matokeo ya kwanza ya ufanisi huo yalionekana Buruburu, ambapo mahubiri ya Pasta Muasya yalirefuka kwa kiasi cha kutisha. Zamani palikuwa na mahali fulani, karibu na mwisho wa hoja ya tatu, ambapo pasta aliharakisha na kumaliza. Sasa hakuharakisha tena. Waumini walitazamana wasijue ni roho gani imemshukia. Mwongeli alijua, na aliinamisha kichwa.

Siku ya uzinduzi, Mourine alikodi ukumbi Makadara. Palikuwa na maputo, samosa, na picha kubwa ukutani ya mwanamume mwenye mvi akiendesha baiskeli kuelekea mlimani, na chini yake maneno: Tulia. Kwa Sababu Umefika. Mourine alizungumza kwa ufasaha mkubwa juu ya heshima, uhuru na safari ya maisha. Watu walipiga makofi. Kisha dereva mmoja mstaafu, Mzee Mbaluka, aliyekuwa amekaa safu ya mbele na kuandika kila kitu nyuma ya kadi ya mwaliko, akainua mkono.

"Nauliza hivi," akasema. "Mtu akifa kabla haijakomaa, familia inapewa kitu?"

Mourine akatabasamu. "Tulia iko na familia yako kila hatua."

"Na inagharamia jeneza?"

"Tulia inakupa amani, mzee wangu, popote utakapokuwa."

Mzee Mbaluka akaandika: jeneza, ndiyo. Mtu mwingine akauliza kama wake wawili wanaruhusiwa. Mourine akajibu kwamba Tulia haibagui. Bwana Magan alikuwa ameanza kujifuta jasho, na Mourine, ili kuokoa hali, akamwita Mwongeli aje aseme maneno machache kuhusu teknolojia.

Mwongeli alishika maikrofoni. Alikuwa ameandikiwa la kusema, na katika yote aliyoandikiwa hapakuwa na kitu cha kumsaidia Mzee Mbaluka.

"Mzee," akasema, "hii si bima. Hii ni nepi ya watu wazima. Unaivaa ndani ya nguo. Mkojo ukikuponyoka inaunywa, na suruali yako inabaki kavu. Haipigi kelele. Nimejaribu mwenyewe."

Mourine alishika meza. Mzee Mbaluka aliikata ile mistari yake kwa kalamu, mmoja mmoja, bila haraka.

"Sasa si mngesema hivyo tangu asubuhi," akasema. "Iko ya mtu mnene?"

Hakuna aliyecheka. Wala hakuna aliyeulizia zaidi. Wote waliinuka kwenda kunywa chai wakizungumza juu ya mvua, na walipomaliza chai, meza ya sampuli ilikuwa tupu kabisa, ingawa hakuna mtu yeyote aliyeonekana akiikaribia.

Bwana Magan alimgombeza Mwongeli jioni hiyo kwa kuleta mkojo katika hafla, na asubuhi akaamuru mashine ya pili iwashwe. Mourine alipandishwa cheo kwa uthubutu wake wa kuvunja ukimya katika jamii. Alialikwa redioni kuzungumzia uthubutu huo, na alizungumza vizuri mno, bila kutaja nepi.

Mwezi wa Agosti, Nerima, mama yake Luseno, alifika Komarock kutoka Kakamega. Miaka mingi alikuwa amekataa kuja. Harusi zilipita, wajukuu walibatizwa, na kila mara alisema Nairobi kuna baridi. Luseno alikuwa amelichukua hilo kama tusi kwa nyumba yake. Sasa mama huyo alishuka kwenye basi na jogoo, akasalimia kila mtu, akakaa kwenye kiti cha sebuleni, akamgeukia mkaza mwanawe.

"Nimekuja nimevaa ile kitu yako," akasema.

Mwongeli alishangaa. "Nani alikupa, Mama?"

"Mume wako alikisia mwenyewe, akanitumia kwa basi la vifurushi. Ameifunga na gazeti juu ya gazeti, nikadhani ni panga." Akanyoosha miguu. "Watu wameshuka Nakuru wakapanga foleni ya choo, mimi nikabaki ndani nakula mahindi. Siku zote ni hiyo safari ilikuwa inanishinda. Sasa ungemwambia mtoto wa kiume hayo kwa simu?"

Luseno alikuwa ameinamia viatu vyake. Mwongeli alimtazama mumewe kwa muda, akimwona kama mtu aliyehamia karibuni.

"Lakini hapa pajani inabana," Nerima akaendelea. "Nani alikwambia wazee wote wana miguu ya kuku?"

Mwongeli alikwenda chumbani akarudi na tepu ya kupimia, akapiga magoti mbele ya mama mkwe. Luseno aliinuka haraka, akasema anaenda kumtazama jogoo.

"Rudi ukae," mama yake akamwambia. "Wewe ulitokea hapahapa."

Luseno alirudi, akakaa, akaitazama televisheni iliyokuwa imezimwa.