Washonaji wa Mishomoroni na Shirika Letu

Siku ya kwanza niliyoingia kazini, katika tawi la Changamwe la shirika la umma lililokopesha biashara ndogo, nilivaa tai niliyoazima kwa shemeji yangu. Nilidhani nitaonyeshwa meza. Meneja wa tawi, Mtaita mtu mzima aliyelelewa na vyama vya ushirika, alinitazama kutoka juu hadi chini akasema, "Vua hiyo tai, joto litakuua. Tunakwenda kwa maseremala."

Tulishinda juani. Kila karakana tuliyofika, alisimama kwanza mlangoni akavuta pumzi. Nilipomuuliza kulikoni, akanijibu, "Omari, karakana yenye kazi inanuka gundi mbichi. Isiyo na kazi inanuka vumbi. Ukishanusa, ndipo uulize habari za mkopo."

Huyo ndiye aliyenifunza kazi. Alinieleza kuwa dhamana ni kitu anachoweka mkopaji ili kichukuliwe akishindwa kulipa, lakini watu wengi wa huku hawana hati ya kiwanja wala gari, kwa hivyo tuliwakopesha kwa vikundi, kila mwanachama akimsimamia mwenziwe. Alinieleza pia muda wa neema, yaani ile miezi ya mwanzo ambayo mkopaji hadaiwi kitu, apate kununua vifaa na kutafuta wateja. "Huo muda ni wako wewe afisa," alizoea kusema. "Usipomtembelea wakati huo, usije ukamlaumu baadaye." Nyinyi mnaoingia kazini leo, mnaoidhinisha mikopo kwa simu bila kumjua mtu hata kwa sura, huenda mkacheka. Chekeni tu.

Kutoka Changamwe nikahamishiwa Likoni, nyumbani kwetu. Meneja wangu wa pili alikuwa kijana aliyesoma sana, mpole, hana neno baya kwa mtu. Ila kwake yeye, mafundi viatu, wauza samaki na akina mama wa mikate wote waliitwa "walengwa". Neno hilo halikunikaa vyema tangu nilipolisikia. Kwetu, ukimlenga mtu una nia ya kumpiga. Zama hizo shirika lilikuwa limeanza kupokea fedha za wafadhili wa nje, na kila mfadhili alitaka picha. Tukaanza kuchagua biashara zinazopendeza machoni. Muuza makaa, hata awe na wateja tele, hakupigwa picha, na kwa hivyo hakukopeshwa.

Nilipopandishwa cheo kuwa afisa mwandamizi wa kukuza biashara, nikapelekwa Kisauni. Kukuza biashara ni kumsaidia mtu apate soko na vifaa, si kumpa mkopo ukamwacha. Huko, mtaa wa Mishomoroni, ndiko nilikokutana na Mama Kadzo.

Alikuwa mjane, Mgiriama wa Kaloleni, fundi wa kushona asiye na mchezo. Barazani kwake walikaa wanawake wenziwe, Wakristo na Waislamu, kila mmoja na cherehani yake. Alikuwa amekwenda mwenyewe kwenye hoteli moja ya Shanzu, akazungushwa langoni siku nenda siku rudi, mpaka mkuu wa manunuzi akakubali kumjaribu kwa sare za wapishi. Hoteli ikaridhika, ikampa na za wahudumu. Kasoro yao ilikuwa kukosa ovaloki, ile mashine inayopinda ncha za kitambaa zisifumuke. Nguo zote ikawabidi wazipeleke Kongowea kupindwa, zirudi, ndipo zimaliziwe.

"Kaka Omari," aliniambia, "sisi hatutaki makubwa. Ovaloki mbili, na umeme wa kutegemeka hapa barazani. Basi."

Niliwasilisha ombi hilo kama lilivyo. Mkurugenzi wa kanda akaja kujionea mwenyewe. Alikaa barazani, akanywa dafu, akazisifu zile sare. Kisha akasema, "Mama, fikira zako ni ndogo. Tutawajengea kituo kizima, Shanzu, kando ya barabara kuu, chenye mashine za kisasa."

"Shanzu, baba? Sisi tunakaa hapa. Watoto wetu wanarudi mchana kula hapa."

"Lakini mteja wenu yuko Shanzu."

"Mteja hana haja ya kutuona tukishona," alijibu Mama Kadzo. "Ana haja ya nguo."

Wanawake wakaangua kicheko. Mkurugenzi naye akacheka, nikadhani amesikia.

Kituo kilijengwa Shanzu. Siku ya ufunguzi wanawake walivishwa fulana zenye nembo ya shirika, ngoma zikapigwa, wafadhili wakapungia kamera. Mama Kadzo akaitwa jukwaani atoe shukrani. Alisema, "Nashukuru. Naomba tu ikumbukwe kwamba kazi hii tulikuwa nayo kabla ya nyumba hii." Makofi yalipigwa hata hajamaliza, na sidhani kama wageni walitafsiriwa.

Shirika halikujua kuendesha kiwanda, kwa hivyo kituo kikakodishwa kwa mwekezaji, mtu mwenye mtaji wake, kwa sharti kwamba awaajiri wanakikundi. Sharti lake yeye lilikuwa kwamba mkataba wa hoteli uhamie jina la kituo. Wanawake waliambiwa kwamba kituo kitakuwa chao mbele ya safari. Wakakubali. Wangekataaje, nao wameshavishwa fulana?

Mambo yakageuka polepole. Waliokuwa wenye kazi wakawa wanalipwa kwa kipande, yaani kwa kila nguo waliyoshona. Mwenye kuchelewa kwa sababu ya mtoto mgonjwa alirudishwa langoni, na kesho yake akakuta mwingine kwenye kiti chake. Mwekezaji akaanza kuleta kitambaa hafifu. Mama Kadzo akamwambia mbele ya watu, "Hiki kitachuja rangi kikifuliwa mara mbili. Hoteli itatukimbia." Siku ya pili yake, bawabu aliamriwa asimpitishe.

Alikuja ofisini kwangu akaketi, mkoba mapajani. "Nimefungiwa mlango, kaka. Hotelini nako wananiambia mkataba si wangu, niende nikaseme na mwenye kituo. Wateja niliowatafuta kwa miguu yangu, leo ni wa mtu nisiyemjua kwao."

Nilimwendea mkurugenzi. Nilimweleza kwamba tulikwenda kusaidia biashara iliyokuwa hai, na sasa tumewanyang'anya wenyewe. Alinisikiliza huku akipanga kalamu zake.

"Omari, wewe unalifanyia kazi shirika au unaifanyia kazi Mishomoroni?"

"Nilidhani ni kazi moja, bwana mkurugenzi."

"Kituo kinafanya kazi. Wafadhili wameridhika. Mtu mmoja akitoka, si mwisho wa dunia."

"Huyo mmoja ndiye aliyeileta hiyo hoteli."

"Asante kwa kunifahamisha," akasema, akainua simu yake. Haukupita muda nikahamishiwa makao makuu, idara ya kumbukumbu, mahali ambapo hakuna mfanyabiashara aliyeweza kunifikia.

Kilichotokea Shanzu kila fundi angeweza kukitabiri. Sare zilichuja, hoteli ikatafuta mshonaji Nairobi, mwekezaji akafunga virago. Zile mashine za kisasa sijui ziliishia wapi. Jengo sasa ni ghala la mahema na viti vya harusi. Wanawake walitawanyika, huyu dobi wa majumbani, yule yaya, wengine sikuwapata tena. Nasi tulipewa cheti cha kupongezwa. Picha ya Mama Kadzo akiwa jukwaani ilitundikwa sebule ya mapokezi makao makuu, na mimi nikaipita kila asubuhi mpaka nilipostaafu.

Kabla sijastaafu nilimfuata Kaloleni, alikorudi kulima muhogo. Alinipokea vizuri, akaniuliza hali za watoto, akaniandalia chai na mahamri. Kila nilipojaribu kulitaja shirika, alinijazia kikombe. Mwisho akasema, "Kaka Omari, hayo yaache. Wewe ulikuja mwenyewe, nimeona. Wao hawajaja." Hakuyataja tena, nami sikuthubutu.

Watu huniuliza kama ninaona fahari kwa utumishi wangu. Nawaona maseremala wa Changamwe waliosimama kibiashara, na wana wao wanaoendelea na kazi ile ile, nikasema alhamdulillahi. Lakini hao walisimama zama ambazo tuliwapa walichoomba kisha tukawaondokea njiani. Baadaye shirika lilikua, likawa na magari na ghorofa na kauli mbiu, na kadiri lilivyokua ndivyo masikio yake yalivyoziba. Sisemi haya nikiwa na furaha. Ndiyo kazi iliyonilea na kunisomeshea watoto.

Mwezi uliopita binti yangu Zuhura, anayeoka mikate hapa Likoni, alikuja kuniamkia. Maduka yanamwagiza mikate mingi kuliko anayoweza kuoka, naye anataka tanuri kubwa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu."

"Baba, nimefikiri niende kwa shirika lenu. Si ungenipa jina la mtu wa kumwona?"

Majina ninayo. Hata meneja wa tawi la hapa nilimfunza mimi mwenyewe. Nikamtazama binti yangu, unga umemganda kwenye nyusi, mtu ana biashara yake na wateja wake anawajua kwa majina.

"Wewe zungumza na wenzako wa chama cha mtaani," nikamwambia. "Changeni kidogo kidogo. Tanuri litachelewa, lakini litakuwa lako."

"Kwani kwa shirika kuna nini, baba? Si ulifanya kazi huko maisha yako yote?"

"Naam," nikamwambia. "Ndiyo maana nakukataza."