Kompyuta Iliyokanyaga Pedali za Shemasi

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika mtaa wa Adams Arcade saa moja asubuhi, ilhali karakana ya vyombo vya muziki iliyoniajiri ilifunguliwa saa mbili. Saa nzima nilijiuliza kama shahada yangu ya uhandisi wa umeme, niliyokuja nayo ndani ya bahasha, ingeonekana majivuno. Fundi Mkuu alipofika hakuiangalia. Alinisukumia amplifaya, chombo cha kukuza sauti, iliyojaa vumbi. "Injinia, anza na brashi," akasema.

Miaka hiyo ya elfu mbili tulitengeneza vyombo vya makanisa na bendi. Kazi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya pedali, vile visanduku vya chuma ambavyo mpiga gitaa hukanyaga ili sauti ikwaruze, itetemeke au itoe mwangwi. Zilikuwa za analogi: sauti ilipita ndani yake ikiwa umeme mtupu, bila kugeuzwa kuwa tarakimu.

Mteja wetu wa kudumu alikuwa Shemasi, mpiga gitaa wa kanisa moja Uthiru. Baada ya goti lake kupasuliwa hakuweza tena kukanyaga, na wazee wa kanisa walianza kumwambia kwa upole apumzike.

"Eti nimechoka," alituambia. "Mimi sijachoka. Ni goti imechoka!"

Fundi Mkuu akanigeukia. "Si wewe umesomea umeme na kompyuta? Basi ikanyage kwa niaba yake."

Niliunda kisanduku chenye relei nne, yaani swichi zinazovutwa na sumaku ya umeme. Kila relei iliingiza pedali moja kwenye njia ya sauti, au kuiruka. Nikaziunganisha na tundu la printa nyuma ya kompyuta kuukuu, nikaandika programu: Shemasi akibonyeza kitufe kimoja cha kibodi, pedali zote zinajipanga kwa ubeti unaofuata. Nilihofia joto, vumbi, waya kukatika, hata panya. Hofu zangu zilijaza daftari.

Jumapili ya kwanza alipiga nyimbo mbili kwa raha, kisha akaegemeza gitaa kwenye amplifaya ili tuombe kimyakimya. Stima ikapotea, taa zote zikazima, kisha ikarudi. Kompyuta ilipowaka upya ilituma ishara kwenye tundu la printa kabla programu yangu haijaanza. Relei zote zikavuta pamoja, pedali zote zikaingia kwa mpigo, sauti ya amplifaya ikatikisa nyuzi, na gitaa lisiloshikwa na mtu likapiga yowe hadi Shemasi alipochomoa waya.

Baada ya ibada mzee mmoja wa kanisa alitujia. "Shemasi, jaribu Jumapili ijayo tu. Hiyo kitu ikilia tena, tutatafuta mwingine."

Jumatatu nilimpa Fundi Mkuu barua ya kuacha kazi. Aliisoma, akaigeuza, akachora mchoro nyuma yake.

"Umefikiria kompyuta ikiwa na akili," akasema. "Sasa fikiria ile dakika haina. Relei zisipate umeme mpaka mtu aziruhusu. Na hii barua nabaki nayo, mchoro ni wangu."

Mchoro ulikuwa wa relei ya tano, inayojishikilia yenyewe, nami nikaiunda wiki hiyo. Ukibonyeza kitufe chake, zile nne zinapata umeme. Stima ikipotea inaachia, na haishiki tena hadi ubonyeze upya. Wakati huo gitaa linasikika tupu, bila pedali.

Jumapili iliyofuata stima ilipotea katikati ya wimbo. Iliporudi, kompyuta ikaanza kuwaka, nami nikafumba macho. Hakuna yowe. Shemasi alipiga ubeti mzima kwa gitaa tupu, akangoja kompyuta iwe tayari, akabonyeza kitufe. Mwangwi ukarudi. Hakuna aliyegeuka kutazama. Alipiga pale hadi alipoamua mwenyewe kuacha.

Baadaye nilihamia studio moja katikati ya jiji, chini ya Meneja wa Ufundi aliyependa ripoti kuliko muziki, na sasa nimestaafu kwa sababu ya macho. Vijana bado huniletea michoro yao, mizuri kuliko yangu yote. Huwauliza swali moja tu: stima ikipotea na kurudi, mashine yako itafanya nini kabla hujaiambia lolote? Wakirudi kuutazama mchoro, navuta kiti, tunaanza kazi.