Noko wa Uingereza

Mimi ni mtu wa kukaa nyumbani, hata aibu kubwa ya maisha yangu haikunilazimu kutoka, ilinifuata sebuleni kwetu Makiso, mjini Kisangani, nikiwa nimeketi.

Ilianza na picha aliyoitunza koko, bibi yangu mzaa mama: mzungu wa masharubu, kofia nyeupe, mbele ya misioni ya zamani. Tangu utoto namsikia koko akisema, "Huyu ilikuwa noko yetu, Mwingereza." Na noko ni mjomba, ndugu ya mama. Basi mimi na diploma yangu ya sekondari nikapiga hesabu (somo lililoniangusha kila mwaka): mjomba wa koko akiwa Mwingereza, mimi nina damu ya Uingereza! Nikaweka picha na jina la mzungu kwenye kundi la mtandaoni la watu wanaotafuta mababu zao Uingereza, na Margareti, mwanamke anayejua Kifaransa, akajibu: "Huyo ni babu yangu, na mama yangu, binti yake wa pekee, ni mzee hana ndugu duniani, anatamani kuwaona kwa simu ya video."

Jumapili, siku ya simu hiyo, nikavaa koti (jua la Kisangani, koti!), majirani nikawapa viti vya mbele, na Tonton Ramazani, mtoto wa kiume wa koko, nikamketisha mlangoni kwa sababu ndala zake zimeshonwa kwa waya.

Simu ikalia. Kwenye kioo akatokea mama yake Margareti, kikongwe mdogo, mkufu wa sikukuu shingoni, machozi tayari. Margareti akatafsiri: "Anauliza, tunaungana kwa nani?"

"Koko, eleza undugu wenu na noko."

"Undugu gani?" koko akashangaa. "Bazungu yote ya wakati ule tulikuwa tunabaita noko. Ule wa kodi, noko. Ule wa fimbo, noko. Alors, bote balizaliwa na bibi yangu?"

Majirani wakaangua kicheko. Kikongwe naye akatabasamu, hajaelewa, anasubiri. Jasho likanishuka ndani ya koti; nikafungua mdomo nidanganye, nilikuwa nimeshabuni hata shangazi wa kutuunganisha.

"Fiston," Tonton akasema kutoka mlangoni, "tafsiri vile mama alisema."

Nikatafsiri. Kikongwe akaanza kuufungua mkufu, polepole, kama mtu aliyeambiwa harusi imeahirishwa. Kisha akauliza: "Baba yangu alikuwa noko yupi, wa kodi ama wa fimbo?"

Sebule nzima ikamtazama koko.

"Wa fimbo," koko akasema. "Alikuwa anatufundisha kusoma. Fimbo ilikuwa ya bavivu." Akanitazama. "Kama huyu."

Margareti akatafsiri. Kikongwe akacheka hadi akakohoa. "Hata mimi alinichapa kwa kusoma!" akasema, na mkufu akauacha shingoni.

Nikapumua, lakini mapema. Tonton akasimama, akavaa ndala zake. "Noko yako ni mimi, Fiston. Umefika mpaka Uingereza, na baba ya babu yako, jina lake nani?"

Nikaanza kuvua koti.

Sasa mtaani naitwa Mupwa wa Mfalme, na nakubali. Ila nimeapa: sivuki tena bahari kabla ya kuvuka mlango. Kila Jumapili napanda toleka, baiskeli ya abiria, hadi kwa Tonton anifundishe majina ya wazee wetu (mimi, kutoka nyumbani!), bila koti, naketi pale anaponionyesha. Ananionyesha mlangoni.